Matawi Mbele ya Mlango wa Gunvor

Jumamosi hiyo ghala la vifaa vya nyumba kuukuu pale Gävle lilifurika watu, kama kila mwaka mwezi wa Novemba, maana hakuna anayetaka Majilio, majuma ya kungoja Krismasi, yamkute na nyumba chafu. Watu walipishana na madirisha mabegani. Ylva Norling alikuwa amechuchumaa mbele ya kreti la vitasa, koti lake la sufu la rangi ya haradali likifagia vumbi, kofia ya kufuma imemshukia mpaka kwenye nyusi. Chini kabisa ya kreti akaona kitasa cha shaba chenye umbo la jani, alichokitafuta kwa miezi miwili. Akakishika, na papo hapo mkono mwingine ukakishika upande wa pili.

Ulikuwa mkono mpana, wenye rangi kavu chini ya kucha.

"Nimeanza mimi," Ylva alisema.

"Wewe umeanza kukitazama. Kukishika nimeanza mimi."

"Mbona unaongea kama mtu mwenye uji mdomoni? Wa kusini wewe, wa Malmö?"

"Wa Malmö. Na uji wenyewe mtamu, hujauonja tu."

Ylva alicheka bila kutaka, na mtu ukishacheka umeshapoteza nusu ya ugomvi. Mwanaume huyo aliitwa Torkel Hedman, seremala wa milango ya kale, aliyekuja kaskazini kwa kazi ya mwaka mmoja. Alikubali kukiachia kitasa kwa sharti moja, aonyeshwe mlango kinakokwenda. Alisema kitasa kisicho na mlango ni chuma tu, na yeye hawezi kulala akiwaza kimeishia wapi.

Basi wakaenda kuuona. Nyumba ilikuwa ya mbao, ya njano, katika mtaa wa nyumba za zamani, na mbele yake baraza pana iliyooza. Ngazi zilikuwa zimelegea, nguzo zimepauka, na pande zote mbili za mlango mbao zimegongomewa juu ya madirisha. Lakini Torkel hakuangalia chini. Aliangalia juu, chini ya paa la baraza, mahali ambapo fundi wa miaka mia iliyopita alichonga majani na nyota na vikombe vidogo vya maua katika ubao mwembamba kama lesi. Watu wa huku mapambo hayo huyaita furaha ya seremala. Torkel alivua kofia yake. Alisimama hivyo kwenye upepo wa baridi, masikio yanageuka mekundu, kama mtu aliyeingia kanisani kwa bahati mbaya akakuta kwaya inaimba.

"Unaumwa?" Ylva alimuuliza.

"Hapana. Nyamaza kidogo, mpenzi."

Neno hilo lilimtoka lenyewe. Wote wawili walijifanya hawakulisikia.

Nyuma ya pazia la jikoni alikuwapo Gunvor, mama yake Ylva, mwanamke wa miaka sabini na mmoja mwenye fimbo. Huyu alikuwa mtu wa hofu. Aliogopa barafu, aliogopa umeme, na zaidi ya yote aliogopa kwamba binti yake wa pekee atachukuliwa mbali. Mume wake, Sixten, alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Tangu siku hiyo mlango wa mbele ulifungwa, mama na binti wakawa wanapita mlango wa jikoni, na habari za siku hiyo hazikutajwa tena ndani ya nyumba. Ylva alipojaribu mara moja, mama yake alitoka mezani, chakula kikapoa. Hakujaribu mara ya pili. Kumbe kuutengeneza mlango huu ilikuwa njia yake ya kumwambia mama, bila maneno, kwamba imetosha, tutoke nje.

Torkel aliomba autengeneze yeye, akaanza kazi wikiendi iliyofuata. Alikwangua rangi ya kijivu akakuta kahawia, chini ya kahawia kijani, chini ya kijani ubao wenyewe, mwekundu kidogo, unanukia utomvu kana kwamba mti umekatwa jana. Ylva alivaa ovaroli ya marehemu baba yake, miguu ameikunja mara tatu, akapiga msasa nguzo mpaka nywele zikawa nyeupe. Torkel alimwita malkia wa msasa. Naye Ylva alimwita fundi uji. Siku za kazi, Ylva akiwa kwenye duka la dawa alikoajiriwa, simu ilitikisika mfukoni mwa koti lake jeupe kila baada ya chakula cha mchana. Torkel alikuwa anauliza rangi ya mlango iwe ipi, ingawa rangi ilishachaguliwa zamani.

Jumapili moja, saa sita mchana, alizing'oa mbao zilizofunika madirisha ya pembeni. Chini yake kulikuwa na vioo vidogo vya rangi, vyekundu, vya buluu na vya njano, hakuna hata kimoja kilichovunjika. Jua la Novemba huku halipandi, linatambaa tu juu ya mapaa, na siku hiyo lilipita katika vioo hivyo likamwagika ukumbini. Sakafu ikawaka. Ukuta uliokuwa na koti la Sixten ukawa wa buluu. Gunvor alitoka jikoni kuona ni kitu gani, akasimama pembeni ya ile rangi. Polepole alinyoosha mguu wake wenye soksi, akauweka juu ya wekundu, kisha akauondoa haraka kama umeungua. Akarudi jikoni. Ylva na Torkel walitazamana.

Baadaye wakinywa kahawa kwenye ngazi mpya, Ylva alisema, "Mara ya mwisho mlango huu kufunguliwa, njia yote ilikuwa kijani. Matawi ya msprusi, ule mti wa majani ya sindano, yamekatwa madogo madogo, kuanzia kizingitini mpaka getini. Harufu yake mpaka leo ninayo puani."

"Baba yako ndiye aliyeyapenda?"

Ylva alifungua mdomo ajibu. Pazia la jikoni likatikisika. Akalimeza jibu, akasema kahawa inapoa.

Kama una binti, soma polepole hapa. Msichana hakudanganya. Alisema nusu tu, kwa sababu nyumbani kwao nusu nyingine ilikuwa haramu. Na Torkel, aliyekulia ghorofa ya sita Malmö, ambako mti wa Krismasi unanunuliwa mbele ya duka kubwa na kutupwa Januari, alisikia habari ya sikukuu. Kwetu kila mtu anajua kwamba matawi mazima mbele ya mlango ni ya kufutia viatu wakati wa theluji. Yaliyokatwa madogo na kutandazwa mpaka getini ni ya kumtolea maiti. Hakuna kitabu kinachosema hivyo. Jambo hilo unalijua kwa kuliona, na Torkel alikuwa hajaliona.

Jumamosi ya kuamkia Majilio, Ylva yuko kazini na Gunvor amelala juu, Torkel alimaliza. Mlango uliofanywa upya ulikuwa kijani cha chupa, umepakwa mafuta ya kitani mpaka unang'aa, kitasa cha shaba katikati kama jani lililoanguka mahali pake. Akaleta msprusi mzigo mzima kutoka msituni. Alikumbuka madogo madogo, akakumbuka pia fimbo ya mama isije ikanasa kwenye tawi refu, akakaa na shoka juu ya gogo saa nzima akikatakata kama anayekata mboga. Akayatandaza vizuri, kuanzia kizingitini mpaka getini. Akarudi nyuma kutazama, machozi yakamlengalenga kwa uzuri wa njia ile. Halafu akaenda kununua maandazi ya zafarani, pete ikiwa mfukoni pamoja na ufunguo wa mlango.

Ylva alikuwa anamhesabia mteja vidonge simu ilipolia. Alikuwa Birger, mzee wa nyumba ya mkabala.

"Ylva, mwanangu, pole sana," alisema. "Tumeona. Nimeshusha bendera nusu mlingoti."

Aliviacha vidonge kaunta. Alikimbia barabara tatu na koti lake jeupe la kazini, bila kofia, na alipokunja kona aliona ile njia ya kijani, ile ile, na getini mtu ameshaweka maua meupe. Aliteleza akaanguka juu ya matawi, akainuka, akapiga mlango mpya kwa ngumi zote mbili. Ndani kukasikika fimbo. Kupitia kioo cha buluu akatokea Gunvor, nywele zimesimama kwa usingizi, mzima kabisa. Mama huyo akatazama nje, juu ya bega la binti yake. Akaona anachokiona. Akakaa chini sakafuni kama nguo iliyodondoka kutoka kwenye kamba.

Torkel alifika na mfuko wa maandazi, anatabasamu mpaka masikioni.

"Nani amekutuma umzike mama yangu?" Ylva alimuuliza.

"Nimefanya ulivyosema."

Hakuna jibu baya zaidi alilokuwa nalo. Ylva alimwambia kwa sauti ndogo achukue randa zake aondoke na asipige simu. Torkel hakuuliza amekosa nini. Alidhani kazi yake imechukiwa, na fundi akidhani hivyo huwa hana mdomo. Aliweka maandazi juu ya ngazi, akaenda. Mmoja hakueleza, mwingine hakuuliza, na kati yao kulikuwa na hatua nne tu.

Wiki hiyo theluji ilianguka. Birger alipandisha bendera yake kwa aibu. Ylva alitaka kufagia matawi, mama akamkataza bila kusema kwa nini. Simu ya Ylva ililia, akaiacha ilie. Gunvor alikuwa akisikia kila mlio kutoka chumba cha pili, na usiku alimsikia binti yake akigeuka geuka kitandani. Mama wa hofu huwa anaomba mtoto wake asichukuliwe. Huyu sasa alikuwa ameachiwa mtoto wake, na nyumba haikuwa na sauti ya mtu.

Alhamisi iliita simu ya nyumbani, Gunvor akapokea. Torkel alikuwa ameingia duka la maua kutafuta ya kuombea msamaha, akamweleza mwenye duka kilichotokea, na yule mama akaweka mkasi chini akamwambia ukweli. Sasa Torkel alikuwa anaongea haraka haraka.

"Mama, nilikuwa sijui. Naapa sikujua."

Gunvor alihamishia simu sikio la pili. "Kwenu mtu akifa mnatandaza nini?"

"Hatutandazi kitu. Tunapika kahawa."

"Kahawa na sisi tunapika," Gunvor alisema, na mdomo wake ukacheza upande mmoja, jambo ambalo hata yeye lilimshangaza. "Njoo Jumapili saa sita. Ylva usimwambie."

Jumapili ya pili ya Majilio ilipambazuka bila wingu. Gunvor alivaa gauni lake la buluu nzito na bruchi ya fedha kifuani aliyopewa na Sixten, akamwita binti yake ukumbini. Ylva alimkuta mama amesimama katikati ya ile rangi yote, amekishika kitasa. Akataka kumzuia. Gunvor akafungua.

Theluji ilikuwa imekaa juu ya ile lesi ya mbao, kila jani na kila nyota imepata ukingo mweupe, na jua linapita humo. Matawi yalikuwa bado kijani chini ya unga wa theluji. Gunvor alishuka ngazi moja, ya pili, ya tatu. Kila alipokanyaga harufu ilipanda, ile harufu ya siku ile. Hakusimama. Alikwenda mpaka getini, akaligusa geti, akageuka kuitazama nyumba yake kwa mbele, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa miaka minne. Ng'ambo ya barabara Birger aliacha koleo lake la theluji likaanguka, akavua kofia, mdomo wazi.

"Ylva," Gunvor aliita, machozi yanashuka na anacheka. "Nimetoka kwa miguu yangu juu ya matawi yangu mwenyewe. Nani mwingine mtaa huu amepata bahati hiyo?"

Ylva alikuja akamkumbatia. Kisha akasema kwa ukali ambao haukuwa na nguvu tena, kwamba hata hivyo mtu yule alipaswa kujua.

"Angejuaje? Wewe ulimwambia nusu. Na nusu nyingine nilikuwa nimeikalia mimi. Siku ile baba yako alipotoka hapa nilisema nikiufunga mlango na maumivu yatabaki nje. Yalibaki ndani na sisi, mwanangu. Nilikufundisha kumeza maneno mpaka ukammeza na mchumba."

Walikuwa wameingia ndani, mlango wa mbele umejifunga nyuma yao, Gunvor anaweka kahawa motoni, ndipo mlango wa jikoni uligongwa. Mara mbili, kwa woga. Ylva alimtazama mama yake. Mama akawa anahesabu vikombe kwa makini sana, vitatu.

"Nani?" Ylva aliuliza.

"Fundi uji."

Ylva aliweka kiganja juu ya komeo, kisha akakiondoa. "Huku hatufungui tena. Zunguka mbele."

"Nitakanyaga yale matawi."

"Mama ameshayakanyaga. Yuko hapa anajifanya hasikii."

Torkel alizunguka. Ylva alikimbia ukumbini, akashika kitasa kutoka ndani, akakiachia. Kupitia kioo chekundu alimwona amesimama kwenye baraza aliyoijenga, kofia mkononi, mwekundu mzima kama mtu wa ndani ya kaa la moto, anatazama ile kazi yake kana kwamba imefanywa na mtu mwingine mkubwa kuliko yeye.

"Fungua basi, mpenzi. Baridi."

"Ufunguo unao wewe."

Alipekua mfukoni. Ufunguo ulipotoka, pete ilikuwa imening'inia kwenye meno ya ufunguo huo. Torkel aliitazama, akamtazama Ylva kupitia kioo, na hakuificha.

"Nilitaka kukuuliza Jumamosi ile," alisema. "Leo nataka kuuliza nikijua ninachouliza. Baba yako alitolewa vipi hapa? Nieleze yote. Halafu nitauliza la pili."

Ylva aliweka paji la uso wake juu ya kioo. Akamweleza yote, mlango ukiwa katikati yao, tangu gari jeusi lililorudi nyuma mpaka getini hadi mama alivyogeuza ufunguo. Alipomaliza alisema, "Fungua. Jibu la swali la pili liko ndani."

Ufunguo ukazunguka. Gunvor alisikia bawaba mpya zikifunguka bila kelele, akatoka jikoni na vikombe vitatu kwenye sinia. Alisimama karibu nao, mguu mmoja ndani ya ule wekundu wa sakafuni, na safari hii hakuuondoa.