Mwenzake Maître Safia

Asubuhi ile Maître Safia alifungua ofisi kwa ufunguo ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao, akakuta kiti cha wateja kina joto.

Alikigusa kwa bahati tu, akitaka kukivuta kando afagie. Akarudisha kiganja. Lilikuwa joto la mtu aliyeketi kwa muda mrefu na kuinuka sasa hivi. Tena chumba kilinuka kafuri, ile inayopakwa maiti kabla ya sanda. Safia akafungua dirisha, akajiambia labda ni joto la paa la bati, akafagia.

Lakini wiki nyingi zilikuwa zimepita bila mtu kukikalia kiti kile. Safia alikuwa mtoto wa mji wa Kasongo, wa ukoo wa wauza vitambaa, na sheria aliisomea Kindu. Kazi aliyoichagua ni ya avoka, yaani wakili, wa mirathi; ndiyo maana aliitwa Maître. Mume akifa, ndugu zake wanakuja na kufuli mpya, mjane anatolewa nje na masufuria yake, wala hajui kwamba sheria inampa haki ya kubaki. Safia aliijua sheria; wajane hawakumjua Safia. Alisema redioni, alisema na akina mama wa msikiti, alisema na wa parokia. Wote walimpigia makofi wakarudi kwao. Hakuna anayemtafuta avoka wa mirathi siku ya furaha, na siku ya kilio anakuwa amechelewa.

Basi akaanza kwenda kwenye matanga. Alijifunga kitenge, akakaa mkekani pamoja na wafiwa, akavizia nafasi ya kumnong'oneza mjane. Mama yake, Mama Mwanvua, hakupenda.

"Kwenye kilio mutu anaenda na machozi," alimwambia. "Weye unaenda na kazi."

"Nisipoenda, mama, wanafukuzwa."

"Najua. Hata hivyo."

Siku moja alifika matangani mashemeji wakiwa wamekwisha kubadili kufuli. Akazunguka nyuma ya nyumba kwa hasira, akasimama penye ufuo, kile kitaro kinachochimbwa kupokea maji ya kuoshea maiti. Udongo ulikuwa bado unameta. Akasema peke yake, kwa sauti: "Laiti ningepata mtu wa kuniambia mapema. Ningekuwa nafika mbele yao."

Baada ya siku ile ndipo kiti kilipopata joto.

Sauti ilikuja adhuhuri moja, mwadhini amekwisha kunyamaza, barabara haina mtu. Ilikuwa ya mwanamke, karibu na sikio, haina haraka. "Kwa Mzee Ayoubu, Wamaza." Safia akainua kichwa. Akatoka barazani, hakuona mtu. Akadhani ni mpita njia aliyemletea habari ya kilio, na kesho yake akamwita Heri, motari aliyezoea kumbeba kwa pikipiki yake, wakaenda kijiji cha Wamaza.

Mzee Ayoubu alikuwa mzima. Walimkuta anamenya karanga, akacheka sana kusikia kwamba avoka ametoka Kasongo kwa ajili yake. "Mwanangu, mimi ningali niko," alisema. "Lakini karibu, ingia ndani, jua ni kali." Mkewe kijana akawapa maji. Kwa aibu Safia akawaeleza kidogo habari za haki ya mjane, akaaga. Alfajiri iliyofuata mzee hakuamka.

Mjane alipopiga simu, neno lake la kwanza lilikuwa: "Maître, ulijuaje?"

Kesi ile Safia aliishinda. Yule mwanamke akabaki na nyumba yake, na habari ikatembea. Sauti ikataja Salamabila, nyumba ya mnunuzi wa dhahabu. Ikataja Lusangi, nyumba ya mkulima mmoja, mume wa Albertine. Kila mara Safia alikaribishwa ndani akamkuta mtu anakula, anatania, ananyoa ndevu. Kila mara kilio kilifuata. Ofisi ikajaa wateja. Safia akajiambia kwamba sauti inajua tu, kama daktari anavyojua. Kwamba kifo kingekuja hata bila yeye, na afadhali kimkute mjane ana wa kumtetea. Alijiambia hivyo kila jioni, na kila jioni maneno yalizidi kuwa mepesi.

Hakuna mteja aliyempenda Safia kama Albertine. Mashemeji walipotaka kumnyang'anya nyumba na shamba, mwanamke yule alikaa mlangoni na mtoto wake Sarah-Grâce mapajani, akakataa kuondoka mpaka Safia alipofika na uamuzi wa tribunali. Tangu hapo kila mavuno alikuwa anamtumia mchele.

Ndiyo maana siku sauti iliposema, "Kwa Albertine, Lusangi," Safia alishika meza.

"Albertine ni mjane tayari," alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuijibu.

Akamwita Heri, akitaka kwenda kumwonya. Akapanda pikipiki, moto kama wanavyoiita pale. Heri hakuwasha.

"Tunangoja nini?"

"Mwenzako. Hajapanda bado."

"Mwenzangu gani, Heri?"

Heri hakugeuka. Alisema polepole, akiuangalia usukani. "Ule mama wa kitambaa cheupe. Kila safari anakaa nyuma yako. Nilizania ni ndugu yako, na kwa kuwa hasemi na mutu, mimi pia nikanyamaza. Tukienda, moto inakuwa nzito hata kwa muteremuko. Kurudi tunarudi wawili tu. Yeye anabakia mule nyumbani."

Safia alitaka kucheka, na kinywa chake kilikuwa kimekwisha kufunguka, lakini hapohapo alihisi kiti cha pikipiki kikididimia nyuma yake taratibu, kama kinavyodidimia mtu mzima akikaa kwa adabu, halafu ubaridi wa kitambaa kibichi ukamgusa mgongoni kupita kitenge na blauzi, na ile harufu ya kafuri aliyoizoea ofisini ikapanda shingoni pamoja na pumzi ambayo haikuwa yake, huku Heri, naye akiwa ameuhisi uzito, akianza kusema bismillahi, anakatika, anaanza tena, hawezi kuimaliza.

Akashuka. Akaenda kwa miguu hadi kwa Mwalimu Faradji, mzee anayesomea wenye majini, na mama yake akamfuata akilia kimyakimya.

Mwalimu alimfunika shuka, akachoma ubani, akasoma. Alisoma mpaka jasho likamlowesha kanzu. Mwisho sauti ikatoka kinywani mwa Safia, na Mama Mwanvua akaziba masikio, kwa sababu haikuwa ya mwanawe.

"Nani alikuita?" mwalimu aliuliza.

"Yeye mwenyewe. Penye maji ya maiti."

"Wewe unaua watu?"

"Mimi siingii nyumba nisipokaribishwa. Sisi sote hatuingii. Lakini avoka, wanamwambia karibu kila mahali. Aliomba afike mbele. Nimemfikisha."

Mwalimu akasoma kwa nguvu zaidi, Safia akatapika maji meusi, mengi kuliko tumbo la mtu linavyoweza kubeba, akalala kama mtoto. Alipoamka mwili ulikuwa mwepesi, na ubani ulinuka ubani tu.

"Ametoka kwako," mwalimu alimwambia. "Tangu leo usikanyage nyumba ya mutu mpaka wenyewe wakuite."

"Na Albertine?"

"Usimuendee. Wala usitume mutu. Neno lako pia ni mguu wako."

Safia akatii. Lusangi simu hazishiki. Hakuwa na njia ya kusikia chochote. Alikaa ofisini, akaswali, akangoja. Kiti kilikuwa baridi. Sauti haikurudi. Heri alikubali kumbeba tena, akasema moto imekuwa nyepesi kama zamani. Watu wakaanza kuja wenyewe, wachache, kwa miguu yao, naye akawapokea kwa shukrani. Mama Mwanvua akapika pilau akagawa kwa majirani.

Ndipo siku moja mchana Albertine akatokea mlangoni, vumbi hadi magotini, anacheka. Safia alimkumbatia mpaka akamwinua kutoka ardhini. Alimshika mashavu, akamshika mikono. Mzima kabisa.

"Unalia nini, Maître?"

"Nilikuwa na hofu juu yako."

"Ndiyo vile ule mama alituambia. Alisema Maître iko na hofu, haiwezi kuja, basi tumufuate."

Safia akamwachia. "Mama gani?"

"Ule uliyemutuma. Alikuja juzi mangaribi na kitambaa chake cheupe, akasimama inje, akasema ametoka kwako. Nikamwambia, mutu wa Maître Safia hasimami inje, karibu. Akalala kwetu." Albertine akafuta jasho la uso, lilikuwa jingi, na lilirudi upesi. "Iko pale inje na mutoto. Wamezoeana sana."

Safia akatoka barazani. Sarah-Grâce alikuwa amekaa peke yake kwenye ngazi, kichwa amekiegemeza upande, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuegemea. Alipomwona Safia akatabasamu.

"Maître, ule mama ananiambia nyumba ya Lusangi inakuwa yangu," alisema. "Anasema wewe ndiye utanisaidia."

Ndani ya ofisi, Albertine aliomba maji.