Picha ya Jumapili

Duka la vitambaa la Chirau, pale Ukunda, lilikuwa limefurika wanawake hadi barazani. Eunice Kombe, fundi cherehani mzaliwa wa Kinango, alikuwa amejitanda kitambaa cha zambarau begani akijitazama kwenye kioo, aliposikia sauti ya mwanamume nyuma yake.

"Hiyo haijakukaa, madam. Rangi yako ni kijani."

"Nani kakuuliza?"

"Kioo kimeuliza, mimi nimejibu."

Eunice alicheka bila kupenda. Kijana mwenyewe alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, na ananukia vizuri. Aliitwa Munyoki, Mkamba wa Shimba Hills, fundi wa mitambo ya intaneti katika mahoteli ya Diani. Eunice alinunua kitambaa cha kijani. Hakujiuliza mtu asiyemjua aliijuaje rangi yake. Na nani hujiuliza mambo hayo wakati anasifiwa?

Wakapendana miezi minane, simu hazikauki.

"Koche langu, umeamkaje?"

"Matunda yote haya ya pwani, umeona uniite koche?"

"Si wewe ndio uliniambia mlikuwa mnayatafuna mkichunga mbuzi? Nje gumu, ndani tamu. Ni wewe huyo."

"Haya, tafuna. Ukivunjika meno usinililie."

Jina hilo lilizaliwa kati yao wawili, na Eunice alilipenda kuliko pete. Picha zake nyingine zilikuwa za watu wote, maana kila nguo aliyoshona, dera au buibui, aliivaa mwenyewe akaiweka mtandaoni ipate wateja. Lakini Jumapili ile walipotembea ufuoni Munje, yeye na gauni lake la kijani, Munyoki alipompiga picha alimwambia, "Hii usiitoe. Hii ni yako peke yako." Jumamosi iliyofuata wazee wa Munyoki walikuwa waende Kinango kumposa.

Jumatano, mzee mmoja alipiga hodi kwenye duka la ushonaji la Eunice. Alivaa kanzu safi, kofia iliyoshonwa kwa mkono, ananukia udi, na mkononi ameshika halua iliyofungwa vizuri.

"Karibu. Shikamoo, baba."

Tabasamu la mzee likafifia. "Marahaba. Yusra, leo waniita baba?"

"Mimi si Yusra. Naitwa Eunice."

"Mimi ni Mwalimu Alamin, wa Vanga. Najua ulinikataza nisije mpaka uniite. Moyo umenishinda. Jina la duka nililiona ukutani, nyuma yako kwenye picha."

"Baba yangu, umenifananisha."

"Nikufananishe wewe, koche langu?"

Mkasi ukamponyoka Eunice.

"Neno hilo umelipata wapi?"

"Kwako. Uliniambia nikuite hivyo." Akampa simu.

Eunice alisoma. Mwaka mzima wa mapenzi, na kila mahali uso wake. Yusra wa Munje, mcha Mungu, mama yake mgonjwa hospitalini. Mwalimu, aliyefiwa na mkewe, ameshauza shamba la minazi kwa ajili ya mgonjwa huyo asiyekuwepo. Kisha akafika kwenye ujumbe wa Jumatatu asubuhi: "Nimevaa kijani kwa ajili yako, mwalimu wangu." Chini yake, picha ya Jumapili.

Alihisi mwili mzima umepapaswa na mikono asiyoijua, na yeye kwenye kila picha alikuwa akitabasamu. Aliituma ile picha na maneno yake kwenye simu yake mwenyewe, akampigia Munyoki.

"Njoo dukani."

"Umenimiss?"

"Njoo tu."

Alifika na pikipiki, anapiga mluzi. Alipomwona mzee na simu mezani, mluzi ukakatika.

"Huyu ndiye Yusra wako, mwalimu," Eunice alisema. "Msalimie."

"Babe, wacha ni-explain. Nilianza kitambo, nikiwa Nairobi, sikujui. Nilitoa picha zako Facebook. Kuziangalia kila siku, nikakupenda. Nikaja Ukunda kukutafuta. Ile siku kwa Chirau haikuwa bahati. Ni love, Eunice! Na nilishaacha, naapa."

"Uliacha lini?"

"Tangu siku ile ile."

Eunice akamgeuzia picha ya Jumapili.

"Nilikuwa namalizia," Munyoki alisema polepole. "Sasa pesa ya posa ningetoa wapi?"

Kumbe ndivyo! Angeolewa kwa minazi ya mzee huyu, na baba yake kule Kinango angeipokea kwa mikono miwili na kushukuru.

Mwalimu Alamin akamgeukia kijana, akauliza kwa upole, kama anayemuuliza mwanafunzi.

"Alipofariki dada yangu, ukanifariji kutwa nzima. Ni wewe?"

"Ni mimi, mzee."

"Ulisema umemsomea Yasini."

Munyoki aliinamisha kichwa. "Sijui Yasini, mzee. Nilikopi tu."

"La haula," mzee akasema. Alisimama, akaiacha halua mezani. "Binti, niwie radhi. Nimekutazama mwaka mzima kwa jicho la mume. Mimi narudi kwangu. Vanga wakilijua jambo hili watanicheka hadi kaburini."

"Umeona?" Munyoki akadaka. "Mwenyewe hataki kesi. Twende tuanze upya, koche."

Eunice alimtazama. Shati lile lile, meno yale yale mazuri. Alimpenda bado, na kupenda kwenyewe ndiko kulikomtia kichefuchefu.

"Baba, jina lako sitalitaja," alimwambia mzee. "Uso ulioibiwa ni wangu. Mlalamikaji ni mimi."

Munyoki aliposikia hivyo akarukia pikipiki.

Kituoni, askari aliandika maelezo kwa kalamu inayokwama. Kabla hajamaliza, simu ya Eunice ikalia. Jina la Munyoki likatokea, na kopa nyekundu pembeni.

"Pokea," askari alinong'ona. "Zungumza naye vizuri, tujue yuko wapi."

"Vizuri vipi?"

"Kama kawaida yenu."

Eunice alifumba macho. "Mpenzi," alisema, na sauti ikatoka laini kama asali. "Nilikuwa na hasira tu. Unadhani nitaishi vipi bila wewe?"

"Nilijua! Nilijua hutanitupa."

"Uko wapi nije? Nina nguo zangu mbili tu hapa, tutahangaika huko huko."

"Niko Msambweni, karibu na hospitali. Pikipiki nimeiacha, nangoja gari la Lunga Lunga, mpakani. Njoo haraka. Unanipenda?"

Askari alishaandika Msambweni, anampungia mkono aendelee. Eunice aliona namna maneno yanavyomjia yenyewe, moja likivuta jingine, bila kuyatafuta. Kumbe kazi hii ni rahisi hivi!

"Nakupenda, Munyoki. Usiondoke hapo."

Akakata simu. Askari akapiga meza kwa furaha. "Wewe dada mkali! Umemdanganya kama uliyesomea."

"Lile la kumpenda sikudanganya," Eunice alisema. Akatoka nje, akashika ukuta, akatapika.