Ukurasa wa Mkunga

Maktaba ilifurika wanafunzi wa mitihani, na kompyuta pekee iliyokuwa wazi ni ya Mkutubi mwenyewe. Muuguzi aliinamia meza yake, sare imekunjamana, kope nzito kwa zamu. Akamwambia kaka, sina miguu ya foleni. Nataka kumwandika marehemu mama yangu kwenye kamusi elezo ya mtandaoni.

Mkutubi akamsogezea kiti. Muuguzi alipochagua jina la kupanga na nenosiri, Mkutubi aligeuza uso kwa adabu. Kisha akamfundisha kuhariri, kuhifadhi, kuweka chanzo. Muuguzi akawa anarudi kila Alhamisi. Mkutubi alimtania kwamba anaandika kama cheti cha dawa. Naye akamjibu kuwa kuna watu hata kupenda wanapenda kwa masharti. Simu za mchana zikaanza, umekula mpenzi, nimekula mpenzi, na kumbe hakuna aliyekula.

Mkutubi alikuwa pia mmoja wa wanaojitolea kufuta kurasa zisizofaa za kamusi hiyo. Jumatatu moja kurasa mpya arobaini zilimngoja, nyingi matangazo ya biashara. Alikwishachoka kusoma. Alitazama mwisho tu, penye vyanzo. Wa kumi na tisa haukuwa na chanzo hata kimoja. Akaufuta kwa maelezo yake ya kila siku: “Mtu asiye na umuhimu.”

Muuguzi aliyakuta maneno hayo kwenye simu yake, akiwa wodini, na kando yake jina la mfutaji, lile lile alilozoea kuliona kwenye kompyuta ya maktaba. Akapiga simu.

“Mama yangu alizalisha mji huu miaka thelathini. Umemwita asiye na umuhimu.”

“Sikujua ni yeye, mpenzi.”

“Angekuwa mama wa mwingine je?”

Simu ikakatika. Baada ya hapo haikupokewa tena.

Ndipo Mkutubi alipousoma ukurasa ule, neno kwa neno. Likizo yake yote ikaishia kwenye magazeti ya zamani, pua imejaa vumbi. Siku ya tisa akakuta habari ya mkunga yule, mama wa Muuguzi, chini ya tangazo la mabati.

Alimngoja Muuguzi kwenye benchi nje ya wodi. Naye akatoka amevua viatu, kavishika mkononi, akaketi mbali kidogo.

“Nimepata mistari minne,” alisema Mkutubi, akimpa kipande cha gazeti. “Ukurasa nimeurudisha.”

“Miaka thelathini, mistari minne.”

“Ndiyo inayothibitika. Yale maneno yangu hayafutiki kwenye kumbukumbu za kamusi. Chini yake nimeandika, kwa jina langu: nilikosea, sikusoma.”

Muuguzi alikisoma kipande cha gazeti mara mbili. Mkutubi akamwomba amsimulie yaliyobaki, hata yakichukua umri wao wote.

“Nimechoka,” alisema Muuguzi.

“Basi nitakaa tu.”

Muuguzi akasogea, akaegemeza kichwa begani mwa Mkutubi.

“Kaa. Nitakusimulia. Lakini usiniulize chanzo.”