Manju wa Dutwa

Asubuhi ile stendi ya Bariadi ilikuwa imefurika. Josia alijikwaa kwenye ngoma kubwa, nusura aangukie kapu la dagaa. Mwenye ngoma alikuwa binti mrefu, gauni la kitenge cha njano, macho makavu.

"Mwangaluka, dada. Samahani. Wewe mwanamuziki?"

"Wanamuziki wako Dar. Mimi manju."

Josia akacheka. Mjini vijana humwita manju mtu yeyote anayezurura minadani bila kazi. Ujinga mtupu! Manju ndiye anayetunga na kuongoza nyimbo za ngoma, na binti huyu, Milembe, aliongoza watu arobaini kule Dutwa.

"Nikubebee?"

"Utaitwa manju, mwalimu." Alikuwa ameona chaki kwenye shati lake.

Hakuibeba. Aliomba namba tu, na kwa miezi mitatu simu zao hazikupoa.

Kisha Josia akampeleka kijijini Kasoli kwa mama yake, Klementina, kiongozi wa kwaya.

"Mama, huyu Milembe. Anafundisha kwaya."

"Hapana, mama. Mimi ni manju."

"Wale walevi wa minadani?"

Josia akakodolea macho chai yake. Milembe akachukua mkoba, akaondoka.

"Mpenzi, nilitaka akupende kwanza," Josia akamlilia kwenye simu.

"Akimpenda huyo wa kwaya, mimi ataniweka wapi? Jumamosi nashindana Dutwa. Mlete."

Dutwa mamanju wawili huimba wakati mmoja, kila mmoja upande wake wa uwanja. Watu huhamia kwa anayewakuna, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Siku hiyo wengi walikuwa kwa mpinzani, Mama Klementina akiwamo, kamshika mwanawe mkono.

"Usinitie aibu, Josia."

Aibu ya siku ile ya chai ilimtosha. Akauchomoa mkono, akavuka uwanja peke yake, viatu vya kanisani vikijaa vumbi.

"Umepotea, mwalimu?" Milembe akauliza.

"Huyu ni mchumba wangu!" Josia akapaza sauti. "Ni manju!"

"Mama hajasikia."

"Ni manju!"

Watu wakamiminika kutazama kioja, wakanaswa na wimbo. Hata hivyo Milembe alishindwa, kidogo tu, na wala hakujali.

Ngoma ilipokwisha, Josia akajitwika ile ngoma kubwa, akapita nayo mbele ya mama yake.

"Shikamoo, mama," Milembe akasema.

"Marahaba," Klementina akaitika kabla hajakumbuka kununa. "Josia, weka chini hiyo!"

"Siweki, mama. Jumapili tunakuja kula, mimi na manju wangu."