Chumba cha Nne

— Lete hilo gitaa! Miezi miwili unafundishwa kulityuni tu, kupatanisha nyuzi, bado linalia kama mlango wa ghala. Wiki ijayo anapewa mwingine!

Mama Epifania, mwenyekiti wa kwaya, mkono ameshaunyoosha. Ukumbi pale Milanzi ulijaa, wote wakacheka. Felisian, mkulima wa ulezi kutoka Pito, akainamisha kichwa. Gitaa hilo la kwaya likienda, Jumamosi zake na mwalimu wake Salome nazo zimekwenda.

— Mara moja ya mwisho, mama.

— Haya, tunasikiliza.

Akabonyeza uzi mnene wa juu, chumba cha tano kati ya vile vyuma vya shingo ya gitaa, akakaza wa chini yake mpaka sauti zikafanana. Safi. Uliofuata na wa tatu, cha tano tena. Safi. Uzi wa nne, cha tano vilevile, kama alivyofundishwa. Akamaliza, akazipiga nyuzi zote.

Weee! Akina mama wa sauti ya kwanza waliziba masikio.

— Nilisemaje mimi? Lete!

Felisian akaanza kuvua mkanda begani.

— Mama, subiri! Si kosa lake.

Ni Salome huyo, kasimama, kanga kaikunja mkononi.

— La nani?

— Langu. Uzi wa nne unabonyezwa chumba cha nne. Sikumwambia.

— Watoto wote uliwafundisha kwa siku moja, huyu mzima unamficha! Kisa?

— Akijua, atapanda baiskeli yake arudi Pito. Nitamwona wapi tena?

Vigelegele hivyo! Felisian akarudi kwenye uzi wa nne. Akabonyeza chumba cha nne, akalegeza kidogo uzi wa tano, akaufuatisha wa mwisho. Akapiga. Nyuzi zikaitikiana kama ndugu wa nyumba moja.

— Sasa umejua, Salome akasema, macho sakafuni. — Nenda.

Akaenda kweli! Gitaa mgongoni, hata kwaheri hakuna. Salome alibaki anakusanya karatasi za nyimbo, machozi yanamlenga, na kwaya nzima inajifanya haimwoni. Mara simu yake ikalia, ujumbe:

"Mwl, mbele za watu ulimi uliniganda. Jumamosi siji na gitaa, nakuja na mshenga. Baba yako atakuwepo?"

Mama Epifania alikuwa ameshausoma wote, akichungulia begani kwa Salome.

— Mjibu, mwanangu, kabla sijamjibu mimi!

Salome akafuta machozi kwa kanga, akaandika:

"Atakuwepo. Ila gitaa lije. Kubadilisha nyuzi bado sijakufundisha."