Gari la Mwisho Nyuma ya Greda

Taa nyekundu za gari lililokuwa mbele ya Gunnvor zilififia, zikaonekana tena mara moja, kisha zikamezwa na weupe. Akaongeza mwendo ili azifuate. Hilo lilikuwa kosa. Magurudumu yalizunguka bure, upepo ukalipiga kumbo lile gari dogo la kukodi, likateleza pole pole kama sinia juu ya meza iliyolowa, likavunja ufito wa kuonyesha njia kando ya barabara na kuzamisha pua yake kwenye rundo la theluji. Kichwa cha Gunnvor kikagonga dirisha.

Mkono wake ulikwenda kwenye honi, ukasita, ukarudi mapajani. Wale wa mbele walikuwa na watoto. Angewacheleweshea Pasaka yao bure. Pengine gari lingetoka lenyewe.

Alijaribu kurudi nyuma mara tatu. Gari likazidi kuzama. Alipopiga honi, ilikuwa kama kupiga kelele ndani ya gunia la sufi.

"Haya, bibi," alijiambia, akipangusa damu kwenye nyusi. "Si ulitaka kwenda peke yako?"

Asubuhi ile, kule chini kwenye ghuba, ambako wakati wa Pasaka hunyesha mvua tu, Turid wa duka la kukodisha magari alimwonyesha magari mawili: jekundu refu, na dogo la umeme lenye rangi ya kijivu.

"Chukua hili jekundu, mama. Magurudumu yote manne yanavuta, na matairi yana misumari ya kung'ata barafu."

"Viti saba! Nitamkalisha nani humo?"

"Utakalisha machungwa hayo uliyobeba."

"Niko peke yangu, Turid. Gari kubwa la nini? Nipe hilo dogo."

"Hilo ni la kwendea dukani. Unavuka mlima."

"Mlima huo niliuvuka nikiteleza kwa ski mamako akiwa bado anatambaa."

Turid alicheka, akampa ufunguo, akasema, "Usije ukasema sikusema."

Gunnvor alikuwa na miaka sabini na moja. Tangu amzike mumewe, miaka sita sasa, alikuwa amezoea kununua kila kitu cha mtu mmoja: mkate nusu, samaki mmoja, kiti kimoja karibu na dirisha. Dada yake Borghild aliishi ng'ambo ya mlima, kwenye kituo cha michezo ya theluji, akiuza uji wa maziwa kwa watelezaji. Kila Pasaka alimwandikia kadi yenye maneno yale yale: kitanda kimetandikwa. Gunnvor hakujibu hata moja. Mwaka huu aliamua kwenda, lakini hakupiga simu. Alichelea kusikia kimya upande wa pili.

Kwenye geti la mlimani dhoruba ilikuwa imekwisha kuanza, na magari yalikuwa yanavushwa kwa msafara nyuma ya greda la manjano la kusukuma theluji. Dereva wa greda, Halldor, alipita dirisha kwa dirisha na karatasi na kalamu ya risasi.

"Mko wangapi humu, mama?"

"Mimi tu."

"Nani anakungoja ng'ambo?"

"Hakuna anayejua kama naja."

Halldor aliacha kuandika. Akayaangalia matairi. "Haya ni ya kukupeleka kanisani."

"Basi nitaimba njiani."

"Imba, lakini kaa katikati ya mstari. Gari letu la kufunga msafara limekwenda kuvuta lori, nyuma hakuna mtu. Ukikwama, usitoke nje. Umenisikia? Usitoke."

Alikaa katikati. Lakini hakupenda kuona watu wakimsubiri mgongoni, basi akapisha gari moja baada ya jingine. Akapisha na la nyuma kabisa, lililojaa watoto. Mwisho akajikuta yeye ndiye wa mwisho.

Sasa theluji ilikuwa imefika usawa wa kioo. Simu haikushika mtandao. Betri ya gari ilibaki na asilimia ishirini na tisa, akaamua: joto dakika kumi, kisha azime mpaka vidole vya miguu vianze kuuma. Viliuma upesi. Pumzi yake iliganda kwenye vioo kwa ndani. Upepo ulilia bila kuvuta pumzi, na katikati ya kilio hicho hakukuwa na sauti nyingine yoyote ya kiumbe.

Alimenya chungwa moja katika manne aliyombebea dada yake. Lilikuwa na chembe za barafu. Akalinyonya kipande kwa kipande, akivihesabu. Ndipo wazo likamjia na kumkaa kifuani kama jiwe: leo hakuna mlango hata mmoja duniani ambao mtu amesimama akisema, mbona Gunnvor hajafika? Palikuwa na mwanamume mmoja tu mwenye karatasi, na karatasi hupeperuka.

Usingizi ulianza kumbembeleza. Akajipiga makofi.

"Usilale, we mwanamke!"

Ski zake, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, zilikuwa zimelazwa toka nyuma mpaka ubavuni mwake. Akavika kofia yake nyekundu ya sufu kwenye ncha ya moja, akashusha kioo kidogo, theluji ikamwagika mapajani, akaisukuma ski juu, juu, mpaka akahisi upepo umeikamata. Akaishika hivyo kwa mikono miwili. Akaimba nyimbo za kanisani zote alizozijua, kisha akaanza upya.

Asilimia nne. Hapo akaona rangi ya manjano ikipita ndani ya weupe, ikififia, ikienda zake. Mkono wake ulikwenda kwenye honi. Safari hii haukurudi. Aliikandamiza kwa kiwiko, kwa kifua, kwa uzito wake wote, na hakuiachia hata beleshi lilipoanza kukwaruza mlango.

"Inatosha, mama, utanitoboa masikio!" Halldor alipenyeza uso wenye barafu kwenye ndevu. "Magari kumi na moja yaliingia, kumi yakatoka. Na hao wa magari kumi wamekaa kwenye geti la ng'ambo, wamegoma kuondoka. Kuna baba mwenye watoto anapiga kelele, yuko wapi mama aliyenipisha?"

Gunnvor alitaka kusema asante. Kilichotoka ni kilio.

Jioni Borghild alifungua mlango, akamkuta dada yake na machungwa matatu na plasta kwenye nyusi.

"Hata simu, Gunnvor?"

"Sikutaka kukusumbua."

"Kunisumbua! Miaka sita natandika kitanda na kufua shuka ambayo hakuna aliyeilalia. Unadhani nimestarehe?" Akamvuta ndani kwa ukosi wa koti.

Pasaka ilipokwisha, Gunnvor alimpigia simu Turid. Lile dogo lilikuwa limeshavutwa kushuka mlima.

"Jekundu bado lipo?" aliuliza. "Tuletee huku juu. Tunashuka wawili."