Mwanaume Aliyeuliza Kuhusu Naïra

"Muchukue huyu. Miye muniache."

Aliyesema hivyo ni Rémy, mchumba wangu. Na "huyu" ni mimi, Sandrine, nimepigishwa magoti kwenye vumbi la barabara ya Bambu, panga liko shingoni...

Saa nane mchana, jamani.

Tulikuwa tunaenda kumsalimia mama yake kabla ya harusi. Pikipiki moja: Paluku, mwenye pikipiki tuliyemkodi, anaendesha, mimi katikati, Rémy nyuma. Wanaume wanne wakatoka kwenye migomba, wamefunga vitambaa usoni. Paluku akajaribu kugeuza. Wakamkata mara moja tu, kati ya sikio na bega. Damu yake iliniingia mdomoni... nikaimeza.

Ndipo Rémy akasema yale maneno ya kunitoa.

"Familia yake iko na mali," akaongeza. "Watawalipa."

Wakampiga kitako cha bunduki, jino likaruka, wakamwambia akimbie. Akakimbia. Hakugeuka hata mara moja.

Sasa ngojeni niwaambie kitu kitakachowafanya mnicheke.

Nina salle, ukumbi wa michezo ya video, hapa mtaani Saio, televisheni mbili na manette nne za kuchezea. Kuna mchezo mmoja mrefu wa safari. Unatembea na wenzako, mnapigana, kisha mnakaa kwenye moto mnaongea. Maneno yote ni Kifaransa. Wateja wanalipa kwa nusu saa, kwa hiyo wanayaruka, wanataka vita. Rémy naye ni hivyo hivyo. Alipofika mahali majambazi wanapomshika Naïra, mpenzi wake wa kwenye mchezo, mchezo ulimtaka achague, amwokoe au apewe upanga; alimwacha akachukua upanga.

"Ni dessin tu, ni mchoro, chérie," aliniambia.

Nikacheka naye.

Mteja mmoja tu hakuruka maneno. Baba wa miaka hamsini hivi, tulimwita Tonton, yaani mjomba. Kusoma hajui. Kila Jumamosi ananiita: "Mama, Naïra iko nasema nini?" Namtafsiria. Siku Naïra aliposimulia kifo cha kaka yake, Tonton alifuta macho kwa kofia. Kisha akamposa Naïra kwenye mchezo, na kabla ya kupata jibu akapotea, miezi mitano.

Haya, turudi barabarani. Mwenye panga akaniinua kidevu. Akanitazama muda mrefu.

"Mama," akasema taratibu. "Naïra alikubali kuolewa?"

Sauti ile naijua!

Na jibu silijui. Hakuna mteja mwingine aliyewahi kufika huko. Nikasema lililonijia.

"Bado iko nakungojea, Tonton. Haukumaliza kuzungumuza naye."

Nikajiuma ulimi. Nimelitaja jina lake...

"Amekutambua," mwenzake akasema. "Mukate."

Tonton akageuka, akampiga yule mwenzake usoni kwa ubapa wa panga. Pua ikapasuka. Mwingine akasogea, naye akala teke la tumbo.

"Huyu hapana," Tonton akasema. Kisha kwangu: "Enda. Kama unageuka, minakuua."

Nikaenda. Nilipita juu ya miguu ya Paluku.

Msidhani nawaambia kwamba anayejua kupenda kwenye mchezo ni mtu mwema. Panga la Tonton lilikuwa limeshalowa kabla halijafika shingoni kwangu. Ni yeye aliyemkata Paluku, na kwa hilo namchukia. Lakini Naïra alikuwa amemwachia mahali padogo ambapo hapajafa, na mimi nikapona hapo. Mnaosema mapenzi ya kwenye michezo ni kupoteza muda, njooni Saio mniambie usoni.

Rémy amenipigia mara kumi na moja. "Niliogopa tu." Simlaumu kwa kuogopa, hata mimi nilijikojolea. Namlaumu kwa kuwatajia mali ya familia yangu, maana pale alikuwa ameshatulia, anapanga bei. Pete ameshaipata mkononi mwa kaka yangu, pamoja na makofi mawili.

Ila kinachoniumiza siyo Rémy.

Kwenye matanga, Joséphine, mjane wa Paluku, alinishika mkono.

"Dada, weye njo ulikuwa naye mwisho. Njiani alikuwa naongea nini?"

Nilimtafsiria Naïra miezi na miezi, najua hadi jina la kaka yake. Paluku nilikaa nyuma ya mgongo wake saa mbili nzima, na sikumsemesha hata neno moja.

Nikamdanganya Joséphine. Nikasema alikuwa anawataja watoto.

Akaniuliza, "Alitaja yupi?" Jina la hata mtoto wao mmoja silijui.

Ongeeni na watu, jamani. Hata anayewaendesha.